Tawi la makumbusho ya sanaa ya kisasa lijengwe Mtwara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo kwa muda mrefu nimelingojea lisemwe na wenye sauti kubwa kuliko yangu. Makumbusho ya Taifa yana matawi mikoani, na kila moja lina kazi yake inayoeleweka: Arusha kuna Makumbusho ya Elimu Viumbe ndani ya boma la Wajerumani, na katika mji huohuo kuna Makumbusho ya Azimio la Arusha, Butiama kuna Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, Songea kuna Makumbusho ya Majimaji, na Dar es Salaam, pamoja na Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, kuna Kijiji cha Makumbusho. Katika orodha hiyo hakuna tawi hata moja lililowekwa mahususi kwa ajili ya sanaa ya kisasa, yaani michoro na michongo ya watu wa zama zetu, wenye majina yao na miaka yao. Napendekeza tawi hilo lianzishwe, lianzishwe Mtwara, na likianzishwa liwe na kazi zake lenyewe badala ya kusubiri mabaki ya makao makuu. Hilo la mwisho ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Nianze na sababu ya kuchagua Kusini. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, Tunduru, akatoka huko kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, ambako alianza kuchora mwaka 1968. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu anayetoroka. Kazi yake yote, hiyo iliyozaa mtindo unaobeba jina lake duniani kote, ilifanyika katika muda wa takriban miaka minne tu. George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 Kikwetu, wilayani Masasi, akajifunza kuchonga kwao, na alipofika Dar es Salaam aliajiriwa kama mlinzi pale Nyumba ya Sanaa kabla ya mtu yeyote kutambua kwamba mlinzi huyo alikuwa na mkono kuliko wengi waliokuwa ndani. Leo vinyago na michoro yake imo katika mkusanyo mashuhuri wa Jean Pigozzi huko Geneva. Ukiwaongeza wachongaji wa Kimakonde, wa upande wetu wa Ruvuma na wale waliovuka kutoka Msumbiji kufuata kazi za mkonge, akiwemo Samaki Likankoa anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani katika miaka ya 1950, utaona kwamba sehemu kubwa ya kile ambacho dunia inakiita sanaa ya kisasa ya Tanzania ina asili yake kati ya Lindi, Newala, Masasi na Tunduru.

Sasa mtoto wa shule wa Tunduru akitaka kuona mchoro uliotoka katika mkono wa Tingatinga mwenyewe, aende wapi? Michoro ile ilinunuliwa kwa wingi na wageni waliokuwa wakiishi au kufanya kazi Dar es Salaam, ikafungwa na mizigo yao walipomaliza mikataba, na hivi leo ni rahisi zaidi kuiona Ulaya kuliko katika mkoa aliozaliwa mchoraji. Siwalaumu walionunua, maana walilipa bei iliyotajwa na muuzaji aliondoka ameridhika. Wala hali hii si ya Kusini peke yake. Mchoraji Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyekuja kuwa balozi wetu wa kwanza London, alichora mwaka 1956 picha ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, na mwaka 1960 picha hiyo ikanunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Wamarekani waliona thamani ya kuihifadhi mwaka mmoja kabla hatujapata uhuru, na sisi, miongo yote iliyofuata, hatujapata chumba kimoja cha kudumu mikoani cha kuwekea zinazofanana nayo. Sitaki kufufua mjadala wa bomba la gesi wa mwaka 2013, ambao uliwagharimu watu wa Mtwara kwa namna isiyosahaulika, lakini anayetaka kuelewa kwa nini watu wa Kusini husikiliza kwa shaka kila neno linalohusu mali inayotoka kwao kwenda kwingine, basi ajue kwamba vinyago vilitangulia gesi.

Mfano ninaoutegemea katika hoja yangu ni wa mbali, na naomba wasomaji wanivumilie niueleze kwa kirefu kidogo, kwa kuwa katika mifano yote ya matawi ya makumbusho ya sanaa ninayoifahamu, huu ndio unaotufanania zaidi. Uingereza ina taasisi ya makumbusho ya sanaa iitwayo Tate, iliyoanza London mwaka 1897 kwa fedha na picha za Henry Tate, mfanyabiashara aliyetajirika kwa sukari. Kwa miaka mingi ilikuwa na makao London tu. Mwaka 1988 ilifungua tawi Liverpool, na mwaka 1993 ikafungua jingine katika mji mdogo wa St Ives, jimboni Cornwall, kwenye ncha ya kusini-magharibi ya nchi, mahali ambapo reli inaishia na safari ya treni kutoka London huchukua zaidi ya saa tano. Wakazi wa St Ives ni kama 11,000 hivi. Kwa idadi hiyo, Masasi yetu ni jiji.

Mtu angeuliza ni nini kiliwapeleka watu wa London kwenye mji wa wavuvi. Jibu ni kwamba sanaa ilikuwa imeshatangulia. Uvuvi ulipopungua, vyumba vilivyokuwa juu ya maghala ya wavuvi, vyenye madirisha makubwa yanayotazama bahari, vilikodishwa kwa wachoraji kwa bei nafuu. Mwaka 1920 Bernard Leach na Mjapani Shoji Hamada walianzisha hapo karakana ya ufinyanzi. Mwaka 1939, vita vilipoanza, mchongaji Barbara Hepworth alihamia huko na familia yake, na akabaki hadi alipofariki mwaka 1975. Nyumba na bustani yake yenye michongo ilifunguliwa kwa umma mwaka uliofuata, na mwaka 1980 ikakabidhiwa kwa Tate. Kwa maneno mengine, taasisi ya taifa iliingia mjini kwanza kwa kupokea nyumba ya msanii mmoja na kuitunza, ikakaa nayo miaka 13, ndipo ikajenga jengo lake.

Lakini anayenigusa zaidi katika habari za St Ives ni mzee Alfred Wallis. Huyu alifanya kazi baharini, kisha akawa mnunuzi wa vyuma chakavu na kamba kuukuu, na hakupata kusomea sanaa. Mke wake alipofariki mwaka 1922, Wallis, akiwa na umri unaokaribia miaka 70, alianza kuchora ili kuondoa upweke. Alichora mashua na bandari alizozikumbuka, kwa rangi ya kupakia mashua, juu ya vipande vya makaratasi magumu vilivyokatwa kutoka kwenye maboksi ya dukani, na mara nyingi hakuvinyoosha pembe bali aliacha umbo la kipande liamue meli ielekee wapi. Mwaka 1928 wachoraji wawili vijana kutoka London, Ben Nicholson na Christopher Wood, walipita mlangoni kwake wakaziona picha zikiwa zimepigiliwa ukutani. Mzee alifariki mwaka 1942 katika nyumba ya maskini. Kaburi lake liko kwenye mteremko unaoangalia bahari, juu kidogo ya mahali lilipo jengo la Tate, limefunikwa kwa vigae vilivyotengenezwa na Leach, vyenye picha ya mtu mdogo akiingia mlango wa mnara mkubwa wa taa za meli.

Anayemjua Tingatinga atakuwa ameshaona ninapoelekea. Na yeye hakusomea, na yeye alitumia rangi ya mafuta inayong'aa, ileile ya kupaka baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa dari, vingi vikiwa na upande wa sentimita 60 hivi. Na yeye aliuza kwa wapita njia, pale Morogoro Stores, Oysterbay. Tofauti ni kwamba picha za Wallis zinaonekana katika mji alioishi, katika jengo la taifa, na mjukuu wa mvuvi anaweza kuingia akasimama mbele yake. Waingereza hawakusubiri St Ives iwe mji mkubwa kwanza. Walijenga kwenye kiwanja cha kiwanda cha gesi kilichoachwa, ufukweni kabisa, na wasanifu Eldred Evans na David Shalev wakaupa mlango wa mbele umbo la duara kukumbusha tangi la gesi lililokuwepo. (Nakiri kwamba nilipoyasoma hayo ya gesi, nikiwa mtu wa mkoa wa Mtwara, nilicheka peke yangu.) Waliopanga walitarajia wageni wapatao 70,000 kwa mwaka, walikuja zaidi ya mara mbili ya hao. Jengo likawa dogo kiasi kwamba kila walipobadilisha maonesho ilibidi wafunge milango, hadi mwaka 2017 lilipoongezwa ukumbi mpya uliochimbwa ndani ya kilima, na mwaka 2018 likapewa tuzo ya makumbusho bora ya mwaka nchini mwao.

Sisemi kwamba kila kitu huko kilikwenda vizuri. Umaarufu wa mji ulipandisha bei za nyumba, matajiri wa mijini wakanunua za kulala wiki chache za kiangazi, na vijana waliozaliwa hapo wakakosa pa kupanga. Mambo yalifika mahali ambapo, mwezi Mei mwaka 2016, wakazi walipiga kura na kupitisha kwa wingi mkubwa kwamba nyumba mpya zitakazojengwa ziwe za watu watakaoishi humo mwaka mzima. Anayeijua Mikindani, na jinsi nyumba zake za kale zinavyotamaniwa na watu wa mbali, ataona kwamba halmashauri yetu ingefaa kulifikiria jambo hilo kabla jiwe la msingi halijawekwa.

Upo mfano mwingine unaosifiwa sana, nao ni wa Metz, mashariki mwa Ufaransa, ambako Kituo cha Pompidou cha Paris kilifungua tawi mwezi Mei mwaka 2010. Jengo lake ni la ajabu, lenye paa la mbao zilizosukwa, kazi ya Mjapani Shigeru Ban na Mfaransa Jean de Gastines, na wanaopenda kujenga vitu vya kupigia picha hulitaja kila mara. Hata hivyo tawi hilo halina mkusanyo wake. Kila kinachooneshwa huazimwa, kwa sehemu kubwa kutoka Paris, ambako kuna hazina ya kazi zaidi ya 100,000. Kwa Metz utaratibu huo unafaa, kwa kuwa treni ya mwendo kasi inafika kutoka Paris kwa muda usiozidi sana saa moja na nusu na makao makuu yana kazi za kutosha kugawa bila kujiona yamepungukiwa. Kwetu hautafaa hata kidogo. Kati ya Dar es Salaam na Mtwara kuna kilomita zaidi ya 550 za barabara, na wenye umri wangu wanakumbuka safari ilivyokuwa kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Tena hazina yenyewe ya kugawa ni ndogo. Tawi litakalotegemea kuazima litafunguliwa kwa shangwe na picha nzuri za kutoka Dar, picha zitarudi baada ya miezi mitatu, na zitakazobaki ukutani ni picha za viongozi na ramani ya mkoa.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kabla ya kuzungumza habari za jengo, tuzungumze habari za mkusanyo. Tawi la Mtwara lipewe fungu lake dogo la kununulia kazi kila mwaka, na linunue kutoka kwa wasanii walio hai, kwa risiti, kwa jina, na kwa mahojiano. Hili la jina nalisema kwa uchungu. Nenda katika makumbusho yoyote makubwa ya Ulaya yenye vinyago vya kwetu, usome vibao: utakuta kabila, utakuta aina ya mti, utakuta hata jina la mgeni aliyekitoa kinyago hicho kama zawadi, lakini mara nyingi mno jina la mchongaji halimo. Na sisi hatuna haki ya kuwacheka, kwa sababu pale Mwenge, Dar es Salaam, kazi zinauzwa kila siku na hakuna anayeandika. Mchongaji wa Newala au Nanyumbu mwenye umri wa miaka 80 anakumbuka nani alimfundisha, nani alianza kuchonga watu waliobebana katika mti mmoja, nani aliacha na kwa nini. Mtu mmoja mwenye kinasa sauti, pikipiki na posho ya kawaida angeweza kukusanya hayo kwa miaka miwili, na kazi hiyo ina thamani kuliko vioo vyote vya jengo.

Kuhusu jengo lenyewe nina maoni, kwa kuwa nilifundisha somo la sanaa shuleni hadi nilipostaafu, na najua namna vitu hivi vinavyoharibika. Katika ofisi moja ambayo sitaitaja nilikiona kinyago cha ujamaa, kirefu kupita mtu, kilichochongwa katika gogo moja la mpingo, kikiwa kimesimamishwa chini ya kiyoyozi. Hewa kavu ilikuwa ikikipiga mchana kutwa, na usiku kiyoyozi kilipozimwa unyevunyevu ulirudi. Ufa ulianzia kisiginoni kwa mtu wa chini kabisa, ukapita mgongoni kwa mama aliyebeba mtungi, ukaishia shavuni kwa mtoto aliyekaa juu yake; na mhudumu mwenye nia njema alikuwa ameujaza dawa ya viatu, ile nyeusi, ili usionekane. Mpingo huchukua miongo mingi kukua hadi kutoa gogo la namna ile. Michoro ya ubao wa dari nayo ina maradhi yake: ukiiweka kwenye ukuta wenye unyevu wa pwani, ubao hunyonya maji pembeni na kuvimba, na rangi iliyokuwa imelala juu yake kwa miaka 50 huachia vipande vidogo ambavyo mfagiaji atavizoa asubuhi bila kujua anazoa nini.

Maana yake ni kwamba hatuhitaji jumba la vioo linalopozwa kwa mashine, kwa sababu siku umeme utakapokatika, na utakatika, jumba hilo litageuka tanuri. Tunahitaji kuta nene, paa lenye kivuli kipana, hewa inayopita kwa utaratibu, sakafu iliyoinuliwa mchwa wasipande, na chumba kimoja cha hifadhi ambacho unyevu wake haupandi na kushuka ovyo. Maghala ya zamani yana mengi ya hayo. Lile tawi la Tate la Liverpool liliwekwa ndani ya ghala la bandarini katika Albert Dock, gati lililofunguliwa mwaka 1846, na msanifu James Stirling hakulivunja bali aliligeuza ndani. Mtwara ni mji wa bandari na wa korosho, na katika mkoa ambao mfumo wa stakabadhi ghalani unajulikana na kila mkulima, sidhani kama tutashindwa kupata ghala moja lenye kuta nzuri ambalo mwenye nalo halihitaji tena.

Liverpool inatufundisha pia jambo lisilopendeza, nalo ni kwamba gharama haziishi siku ya kukata utepe. Tawi lile lilifunguliwa wakati mji ukiwa umeanguka kiuchumi, miaka michache baada ya ghasia za Toxteth za mwaka 1981, na liliusaidia mji kusimama. Mwaka 2007 Tuzo ya Turner, inayogombewa na wasanii wa kisasa wa Uingereza, ilifanyika hapo, ikiwa mara ya kwanza kutoka London. (Utaratibu huo wa kuitoa tuzo nje ya mji mkuu ndio uliofanya mzaliwa wa Unguja, Lubaina Himid, akabidhiwe ushindi wake mwaka 2017 katika mji wa Hull, na hatukusherehekea vya kutosha.) Lakini Oktoba mwaka 2023 jengo la Liverpool lilifungwa kwa ukarabati mkubwa, na kufunguliwa kwake kumesogezwa hadi mwaka 2027. Ikiwa taasisi tajiri kama ile inahangaika kutafuta fedha za kukarabati ghala lake, sisi tusijidanganye kwamba mfadhili akishajenga basi kazi imekwisha. Mshahara wa mhifadhi, dawa ya mchwa, balbu na mlinzi ni fedha za kila mwezi.

Hapo ndipo nitaulizwa zitoke wapi, na nitaambiwa kwamba zahanati zinahitaji dawa. Zinahitaji, na sitapendekeza senti moja itoke huko. Ninachosema ni kwamba matawi mengine ya Makumbusho ya Taifa yana mafungu yake bila kuonekana kuwa yamewanyang'anya wagonjwa, na hili liwekwe katika kapu hilohilo, huku halmashauri za mkoa zikichangia kidogo kutoka katika ushuru wa korosho, na vyama vikuu vya ushirika kama TANECU na MAMCU vikiombwa kushiriki, kwa kuwa wanachama wake ndio jamaa za wachongaji. Kiingilio kwa watoto wa shule kiwe bure. Kwa wageni kutoka nje kiwe cha kueleweka, wala tusikitegemee sana, maana watalii wa Kusini bado ni wachache.

Wengine watasema watu wa mikoani hawana hamu na sanaa. Wanaosema hivyo hawajafika Mtwara wakati wa tamasha la MaKuYa, ambapo Wamakonde, Wamakua na Wayao hukusanyika na ngoma zao, na hakuna anayelazimishwa kuja. Hamu ipo. Ni kweli kwamba kuna umbali kati ya kinyago cha mapiko kinachocheza uwanjani na mchoro ulioning'inizwa kimya ukutani, na mhifadhi atakayeajiriwa atakuwa na kazi ya kuupunguza umbali huo. Kwa hiyo ningependa awe mtu anayejua lugha ya wazee wa hapa, hata kama vyeti vyake si vya kutisha, na asiwe anayehesabu Mtwara kuwa adhabu ya muda akingojea kurudishwa Dar es Salaam.

Nimetaja Mtwara mjini, na majirani zangu hapa Masasi hawatanishukuru, maana Lilanga ni wa wilaya yetu. Watu wa Tunduru nao watadai, na wana haki, ingawa wao ni mkoa wa Ruvuma na tayari Songea ina tawi lake. Nimeuchagua mji wa Mtwara kwa sababu za kawaida kabisa: una uwanja wa ndege, una bandari, una chuo kikuu kishiriki na vyuo vya ualimu ambavyo wanafunzi wake wanaweza kufika kwa miguu, na lori linalobeba vinyago vya mpingo linapata mafundi likiharibika. Masasi na Tunduru zipewe kile ambacho St Ives ilipewa kwanza, yaani nyumba au karakana ya msanii mmoja iliyotunzwa vizuri, chini ya usimamizi wa tawi.

Kwa kuanzia, namwomba Waziri mwenye dhamana ya Makumbusho aagize ifanyike orodha ya kazi za sanaa zilizomo katika ofisi za umma, benki za Serikali na balozi zetu, kwa sababu nyingi zilinunuliwa au kutolewa zawadi tangu miaka ya 1960 na hivi sasa zimehesabiwa pamoja na viti na makabati. Nusu ya mkusanyo wa kwanza wa tawi inaweza kupatikana humo bila kununua kitu. Na kama uamuzi wa ghala utafanywa, naomba ufanywe kabla ya minada ya korosho kuanza mwezi Oktoba, maana msimu ukishaingia, hapa kwetu hakuna mwenye ghala atakayekusikiliza ukimwambia habari za michoro.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa sanaa,
Masasi, Mtwara